Mzee Anza Tena

Xavery aliacha kazi kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe hakulisema mwajiri wake. Alilisema yeye, kwa mdomo wake, mchana kweupe, mbele za watu. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu.

Alikuwa fundi cherehani katika duka la vitambaa la Mzee Yahaya, mjini Katesh. Watoto wengi walioanza shule pale mjini waliingia darasani na kaptula au sketi iliyopita mikononi mwake, na baadhi yao sasa wana watoto wao. Yeye na Mzee Yahaya walielewana kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa salamu. Asubuhi, kabla kufuli halijafunguliwa, walikuwa wakisimama nje wakiulizana hali ya wake zao, ya watoto, ya mvua, mpaka ya ng'ombe wa Xavery mwenye jicho bovu, na hakuna aliyeona kwamba muda unapotea. Kisha miguu ikamsumbua mzee, akabaki nyumbani, na duka akamwachia mwanawe Shabani, aliyekuwa amerudi kutoka chuo cha biashara.

Tuseme haki mapema: Shabani hakuwa kijana mbaya. Mshahara alilipa kwa wakati, na hata aliuongeza kidogo. Ila alirudi na mipango yake. Alianza kwa kuliondoa benchi la mlangoni, walipozoea kukaa wazee waliokuja kununua kifungo kimoja na kuondoka adhuhuri. Akaleta kiti kinachozunguka, akakikalia mwenyewe. Kisha akatangaza kwamba sasa duka litakwenda na wakati, wateja wahudumiwe chapuchapu, na salamu ndefu ziachwe nyumbani. Xavery alisikia, akaendelea kukanyaga cherehani. Alidhani tangazo hilo ni la wateja.

Basi Jumatatu moja baada ya Pasaka, shule zikifunguliwa na duka limejaa akina mama, Shabani aliingia na simu sikioni. Huyu ndiye Shabani ambaye utotoni alikuwa akija mbele ya cherehani na kusema "Shikamoo, baba Evaline," huku mkono umeshanyooshwa apewe vipande vya kutengenezea mpira. Leo alipita tu, akagonga meza ya cherehani kwa kidole, akasema:

"Mambo, Xavery!"

Si fundi, si mzee, si baba Evaline. Xavery alikuwa na umri wa kumzaa kijana huyo na chenji ikabaki. Alitaka kunyamaza. Alitaka kuvua miwani amtazame mpaka aone aibu. Badala ya hayo yote, mdomo wake ukafunguka wenyewe, ukasema:

"Poa."

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Hawakusema kwamba unaweza kumtoroka mwenye nao ukaenda kujiunga na vijana. Mama mmoja aliyekuwa akimpimisha mtoto sweta alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Xavery alisikia joto likimpanda kutoka shingoni hadi kwenye upara. Akamaliza upindo wa sketi aliyokuwa nayo, akakata uzi, akatia mafuta kwenye cherehani, akachukua mkasi wake na futi yake, akasimama.

"Unaenda chai?" Shabani aliuliza.

"Naenda nyumbani."

"Utarudi saa ngapi?"

Xavery alifikiri. Hapo ndipo mdomo ule ule uliomwaibisha ulipofunguka kwa mara ya pili.

"Nimeamua kujiajiri," ukasema.

Neno hilo alikuwa akilisikia redioni. Hakuwahi kulifikiria hata siku moja kabla ya kulitamka.

*

"Kujiajiri kufanya nini?" mkewe Lucia alimuuliza.

"Kushona."

"Si ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya?"

"Sasa nitaifanya kwa uhuru."

"Uhuru tulishapata zamani, baba Evaline. Nimekuuliza kwa nini umeacha kazi."

"Mtu lazima ajitegemee."

Lucia alimtazama mumewe kama mtu anayekagua mbegu za dukani. Walikuwa wameishi pamoja muda mrefu wa kutosha kujua kwamba Xavery akianza kusema kama redio, kuna kitu anaficha. Lakini alikuwa na mambo mengine ya kuwaza. Binti yao Evaline alikuwa kidato cha nne, anakaa bweni, na likizo ya Juni ikiisha angehitaji michango, viatu na sabuni. Shamba la Hirbadaw lilikuwa linategemea mvua, na mvua yenyewe mwaka huo ilikuwa inakuja kama mgeni asiyependa kukaa.

Akamshika mkono mumewe, akampeleka stoo, akamwonyesha gunia la maharage ya mwaka uliopita.

"Unaliona hili? Hiki ndicho chakula, na hiki ndicho cha kuuza. Kikombe changu cha kuchotea kikigusa sakafu kabla hujaleta kitu cha maana, utarudi kwa Shabani ukamwombe. Kwa magoti, kama itabidi."

Xavery alikubali papo hapo. Mtu akitazama gunia lililojaa huwa haamini kwamba lina chini.

Walitoa cherehani lake la zamani, lile alilonunua kabla ya ndoa, ambalo kwa miaka mingi kuku mmoja mwekundu alikuwa akilitumia kutagia. Kuku alihamishwa kwa ugomvi mkubwa. Xavery alilisafisha, akabadilisha mkanda, akapata nafasi kwenye baraza la duka lililofungwa, kando ya barabara ya kwenda Singida. Upande mmoja alikaa Marieta, muuza mandazi. Upande wa pili wa barabara kilikuwa kijiwe cha bodaboda.

*

Jumapili iliyofuata habari zilifika kwenye jumuiya. Mwenyekiti, mzee Margwe, alimshika Xavery mkono kwa mikono miwili akasema kwamba kanisa linahitaji watu jasiri kama yeye, na kwamba wiki hiyo kungekuwa na semina ya ujasiriamali kwenye ukumbi wa parokia, na asikose.

Mwalimu wa semina alikuwa dada mmoja mchangamfu kutoka Babati, aitwaye Rogathe. Aliwapanga kwa duara, akasema, "Leo hatuanzi na mtaji. Tunaanza na moyo. Kila mmoja atuambie: nini kilikusukuma uanzishe biashara yako?"

Mzee Margwe, mwenye kuku wa mayai, alianza. "Kujikwamua kiuchumi," akasema, akapigiwa makofi. Kwa kuwa makofi ni matamu, aliyefuata naye akasema kujikwamua kiuchumi, na aliyefuata pia, mpaka zamu ikamfikia Marieta.

"Mimi nilianza mandazi kwa sababu ya mama mkwe," alisema Marieta. "Tulikuwa tunashinda jikoni wawili kutwa nzima. Nikaona tutakuja kuuana. Nikachukua karai nikahamia barabarani."

Ukumbi ulicheka. Rogathe alijaribu kumsaidia. "Kwa hiyo, mama, lengo lilikuwa kujikwamua."

"Kujikwamua, ndiyo. Lakini si kiuchumi."

Marieta ndiye aliyesema kweli siku ile. Nusu ya maduka ya Katesh, ukiyapasua tumbo, ndani utakuta shemeji, mama mkwe, au bosi fulani aliyesema kitu asubuhi fulani. Lakini nani atasimama ukumbini aseme hivyo, naye amevaa koti?

Xavery aliposimama, alikuwa amevaa koti. Akasema mtu lazima ajitegemee, awaachie watoto urithi, na atoe ajira kwa vijana. Alipofika kwenye ajira kwa vijana watu walisimama. Rogathe alimpiga picha, akasema ataitumia kwenye semina za wilaya nyingine. Xavery alitabasamu kwenye picha hiyo, lakini kooni ile "poa" ilikuwa imekwama kama mfupa, na makofi hayakuiteremsha.

*

Siku ya kwanza barazani, kijana wa bodaboda aitwaye Modest alivuka barabara na suruali iliyochanika.

"Mambo, mzee!"

Xavery alimtazama juu ya miwani. "Anza tena."

"Eeh?"

"Rudi mpaka kwenye pikipiki yako. Halafu uje, uanze tena. Mimi nina mtoto wa umri wako."

Modest, ambaye alikuwa na haraka lakini hakuwa na ubaya, akarudi, akagusa pikipiki, akaja.

"Vipi, mzee?"

"Anza tena."

Mara hii Modest alirudi kwenye pikipiki, akaipanda, akaondoka. Suruali aliipeleka kwa fundi mwingine, nyuma ya soko.

Ikawa hivyo kwa wengine. Aliyesema "niaje" alirudishwa. Aliyesema "freshi, mzee?" alirudishwa na mahubiri juu. Kabla ya mwezi kuisha, kijiwe kizima kilikuwa kimempa jina la Mzee Anza Tena, na vijana walikuwa wakitumana kwake kwa utani tu: nenda kamsalimie yule mzee tuone utarudishwa mara ngapi. Walicheka sana. Kushona walishonesha kwingine. Akina mama wa sare, waliokuwa tegemeo la Xavery, waliendelea kwenda dukani kwa Shabani, kwa sababu ndiko kitambaa kilikokuwa.

"Fundi," Marieta alimwambia siku moja akigeuza mandazi, "mimi hawa wananiita 'oyaa mama karai.' Naitika. Jioni karai liko tupu."

"Wewe ni mtu wa mandazi, Marieta."

"Na suruali ndizo zina heshima kuliko mandazi?"

Xavery aliinamia sindano yake. Alikuwa ameketi na viraka vyake, amejilinda vizuri. Hakuna mtu aliyemwambia mambo akaitikiwa, na hakuna mtu aliyemletea kazi. Jioni alirudi nyumbani na heshima yake yote, nzima, haijapungua hata kidogo, na Lucia akaichemshia maharage.

*

Kisha yakaja maneno. Kwenye mashine ya kusaga, wanawake wawili walinyamaza ghafla Lucia alipoingia. Mtu wa watu akanyamaziwa! Kabla hajafika nyumbani alikuwa amekwisha kuambiwa na wa tatu, kwa wema kabisa, kwamba watu wanasema fundi alifukuzwa kwa kuiba jora la kitambaa. Mtu aache kazi yenye mshahara akakae barabarani bila mteja, atakuwa na sababu gani nyingine?

Lucia aligeuza njia, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Yahaya. Alimkuta mke wa mzee, Raudha, akianika nguo.

"Shikamoo, mama Shabani."

"Marahaba, mama Evaline. Karibu. Afadhali umekuja. Mzee kila siku ananiuliza, 'Fundi wangu nilimkosea nini?' Na Shabani anaapa hajui. Anasema aliaga tu akaondoka."

"Kwa hiyo hakuiba?"

"Aibe nini? Huyo akiokota sindano sakafuni anairudisha."

Lucia alirudi na nusu ya moyo imetulia, na nusu ya pili inachemka. Alimkuta Xavery uani, jua bado liko juu, amekaa kwenye kigoda kwa sababu barazani hakukuwa na cha kufanya. Lucia akachukua ungo, akaanza kupepeta maharage mbele yake, kwa nguvu zaidi kuliko maharage yalivyohitaji.

"Baba Evaline, watu wanasema uliiba jora."

Xavery aliruka. "Mimi?"

"Wewe. Mficha uchi hazai. Leo utasema kilichokutoa kwa Shabani, au nitakwenda kumwita mzee Margwe aje kukuuliza yeye."

Xavery alitazama chini. "Shabani aliniambia mambo."

"Mambo gani?"

"Mambo."

"Nimesikia. Mambo gani hayo aliyokuambia?"

"Si mengi. Ni mambo moja tu."

"Jambo moja."

"Angeniambia jambo ningekaa! Nakwambia aliniambia mambo!"

"Alikutukana?"

"Afadhali angenitukana, watu wangenionea huruma. Aliingia, akagonga meza, akasema, 'Mambo, Xavery.' Mbele za watu."

Ungo ulisimama. Lucia aliitazama sura ya mumewe, akaona kwamba hatanii. Kweli lilikuwa neno baya. Kwao, mtoto aliyempita mkubwa bila shikamoo alirudishwa njiani, akapita upya. Alikuwa karibu kumwonea huruma kabisa. Kisha akakumbuka swali moja.

"Na wewe ukamjibu nini?"

Xavery aliutazama mlima Hanang. Ulikuwa umevaa wingu lake, hauna msaada wowote.

"Nakuuliza wewe, siulizi mlima."

"Poa," alisema Xavery.

"Nini poa?"

"Nilimjibu poa."

Lucia alijizuia. Mungu ni shahidi alijaribu. Lakini kicheko kilimtoka kwa nguvu hata ungo ukapinduka, na kuku, akiwemo yule mwekundu aliyenyang'anywa cherehani, wakakimbilia maharage kutoka pande zote. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipofuta machozi na kumwangalia mumewe tena, aliona kwamba macho ya Xavery nayo yamelowa, na si kwa kucheka. Kicheko kikaisha.

"Pole, mume wangu," alisema.

"Angelisema yeye peke yake ningevumilia. Mtoto ni mtoto. Lakini niliitika, Lucia. Nilikuwa namwogopa. Mwili wangu ulimwogopa mtoto niliyemshonea kaptula, kwa sababu anashika mshahara wangu."

Hilo alikuwa hajawahi kuliambia hata nafsi yake. Lucia aliokota maharage kati ya miguu ya kuku.

"Ungenieleza siku ile ile," alisema hatimaye, "ningekuchemshia chai, tukamsema Shabani mpaka usingizi utuchukue. Sasa tumekula karibu gunia zima kwa ajili ya poa."

*

Mwezi wa Juni ulikuja na baridi yake. Upepo ulishuka mlimani, ukapita mjini ukitafuta mtu asiye na koti. Asubuhi moja Xavery alisikia kutoka stoo sauti aliyokuwa akiiogopa tangu Pasaka: kikombe kikikwaruza sakafu.

Lucia alitoka na kikombe mkononi.  

"Nimesikia," alisema Xavery.

Evaline angerudi shule baada ya siku chache. Xavery akavaa koti la semina, akatia mkasi na futi mfukoni, akashika njia ya dukani kwa Shabani. Njiani alijaribu maneno. Alijaribu "nimefikiri upya." Alijaribu "tusameheane." Hata alijaribu kuitika poa kwa sauti ya chini, azoee, maana maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kila akifika kwenye poa, miguu ilipunguza mwendo.

Alipofika kwenye baraza lake alisimama kuliaga cherehani. Upande wa pili wa barabara Modest alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye pikipiki. Alikuwa njiani kutoka Dongobesh tangu alfajiri, amejifunga gazeti miguuni kwa mpira, na gazeti limechanika. Magoti yalikuwa yanagongana. Alivuka barabara kama mzee, akaja kuota moto kwenye jiko la Marieta, na kwa mazoea ya utani, huku meno yakicheza, akasema:

"M-m-mambo, Mzee Anza Tena."

Xavery alimwangalia. Alitazama yale magoti. Alimtazama vizuri kijana mwenyewe, ambaye hakuwa bosi wa mtu, hakushika mshahara wa mtu, na hakuwa na neno jingine la kumpa mtu mzima ila hilo alilonalo. Ile poa ya kwanza Xavery alinyang'anywa. Hii, akaona, anaweza kuitoa mwenyewe.

"Poa," alisema. "Magoti yamefanya nini?"

Marieta aliacha kugeuza mandazi. Modest alisahau baridi.

"Umesema?"

"Nimesema poa. Kaa hapo. Nimekuuliza magoti."

"Yameganda, mzee. Huko juu upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Wenzangu wawili wamelala ndani, wanaumwa."

Xavery alivua koti. Akachukua blanketi kuukuu alilokuwa akifunikia cherehani, akatafuta kipande cha turubai kilichobaki kwenye paa la baraza. Akampima Modest kutoka kiunoni hadi chini ya goti. Blanketi ndani, turubai nje, kamba za kufungia nyuma, na mpasuo katikati ili mguu ufike kwenye gia. Hakufikiri sana. Mikono ilikuwa na njaa ya kazi. Modest alipofunga kitu kile na kukaa kwenye pikipiki, alionekana kama mama anayekwenda kuteka maji, na kijiwe kizima kilimzomea. Alikwenda Hirbadaw akarudi, magoti makavu, yana joto. Hapo waliomzomea wakavuka barabara.

"Mambo, mzee?"

"Poa. Leta blanketi lako, mimi nina turubai tu."

"Niaje, mzee?"

"Poa. Simama wima, nakupima."

Shabani alimwambia mambo mara moja, Xavery akaacha kazi. Sasa alikuwa anaambiwa kutwa nzima, na watu wa kila umri, wengine wakiwa hata ndevu hawajaota, na kila mambo moja lilikuwa linakuja na blanketi mkononi. Kazi haikuishia Katesh. Madereva wa Dongobesh waliomwona Modest walituma vipimo kwa simu. Ile nguo haikuwa na jina, kwa hiyo vijana waliiita kwa jina la mwenyewe: "Umeshaniwekea Anza Tena yangu?" Lucia alihamia barazani kushona kamba. Evaline aliondoka na viatu, michango na sabuni, na gunia likapata mwenzake.

*

Lucia, lakini, alikuwa binadamu. Alimwambia Raudha kuhusu poa, akamwapisha asimwambie mtu, na Raudha alimwambia mumewe tu. Mzee Yahaya alicheka, kisha akaacha kucheka, akamwita mwanawe. Waliyozungumza hayakusikika nje, ila fimbo ya mzee ilisikika ikigonga sakafu.

Siku ya pili yake, barazani kukiwa kumejaa, Shabani alikuja kwa miguu. Simu ilikuwa mfukoni. Alikuwa amefikiri njia nzima namna ya kusema. Vijana walimpisha. Xavery alikuwa ameinama juu ya cherehani, anauma uzi, hajui aliyefika ni nani.

"Shikamoo, baba Evaline," alisema Shabani.

"Poa," alijibu Xavery bila kuinua kichwa. "Ya blanketi moja au mawili?"

Kimya kilichofuata kilisikika mpaka upande wa pili wa barabara. Xavery aliinua macho. Alimwona Shabani. Miwani ilimteremka mpaka ncha ya pua.

"Ee Mungu wangu," Lucia alisema taratibu. "Na hiyo nayo tutaifungulia biashara gani?"

Hapo Modest, akiwa amekaa juu ya pikipiki na Anza Tena yake magotini, alipaza sauti:

"Anza tena!"

Kijiwe kililipuka. Shabani alitazama huku na huku, na kwa kuwa hakuwa kijana mbaya, tulisema mapema, aligeuka, akaenda mpaka kwenye pikipiki ya Modest, akaigusa, akarudi.

"Shikamoo, baba Evaline."

"Marahaba, mwanangu," alisema Xavery.

Ulikuwa mwitikio mfupi tu. Alikuwa ameusubiri tangu Pasaka, ameulia gunia zima, na sasa alipoupata ulikuwa mtamu kama alivyoutarajia, akaona aibu kidogo kwamba ni mtamu hivyo.

"Baba anakusalimu," Shabani alisema, sauti ikiwafikia wote. "Na mimi nimekuja kusema mbele ya watu kwamba fundi hakuiba kitu. Ni mimi niliyekosa adabu. Sare za Julai zimetushinda. Rudi dukani, mzee. Hata benchi nitalirudisha."

Lucia aliacha kushona. Xavery alilitazama cherehani lake, baraza lenye paa la turubai, Marieta na karai lake.

"Mwambie mzee Jumapili nakuja kumjulia hali," alisema. "Benchi lirudishe, wazee wanachoka. Mimi sirudi. Lakini vitambaa vya sare vilete, nitavishonea hapa hapa."

Uso wa Shabani ulifunguka kwa furaha. Alikuwa amekuja akitegemea kurudi mikono mitupu. Akageuka kwenda kuleta vitambaa, na kwa ile furaha, akiwa tayari amekanyaga barabara, akajibu:

"Poa, mzee!"

Kisha akajisikia. Akasimama pale pale, mkono mdomoni. Vijana wote wakamgeukia Xavery, na Modest alikuwa ameshajaza hewa kifuani tayari kupaza sauti. Xavery aliinua kidole kumnyamazisha. Alimtazama Shabani juu ya miwani kwa muda mrefu, akiuona mdomo uliomtoroka mwenyewe, kama wake siku ile.

"Ulimi hauna mfupa, mwanangu," alisema. "Nenda kalete vitambaa."